Vijiti Vitatu vya Mpika Kole

Alipenda kuvunja. Mtu akiniuliza leo mzee yule alikuwa wa namna gani, naanza hapo. Wengine huanza na harufu yake, na mimi nasema harufu si mahali pa kumwanzia mtu. Kila Jumamosi mchana alitoa nyundo yake nzito, akaweka mbao mbili zilizounganishwa juu ya kipande cha reli uani kwake, akainua mkono na kupiga kwa hasira kama mtu anayeua nyoka. Mbao ikipasuka pembeni na kiungo kikabaki kizima, alicheka mpaka machozi. Kiungo kikiachia, alitukana. Aliutukana mti, akamtukana ng'ombe aliyetoa ngozi, kisha akamtukana yeyote aliyesimama karibu. Mara nyingi aliyesimama karibu nilikuwa mimi.

Tulimwita Mpika Kole. Kole ni gundi. Sisi wa Elisabethville tulilichukua neno kwenye Kifaransa cha wazungu na hatujalirudisha. Yake ilikuwa ya moto. Aliichemsha taratibu kutoka kwenye ngozi, kwato na masikio ya ng'ombe, akaichuja kwa gunia, akaimimina ndani ya mianzi iliyopasuliwa, akaikata vijiti urefu wa kidole na kuvianika juu ya waya mpaka vikauke kama pembe. Ukitaka kuitumia, unaloweka kijiti, unakiyeyusha ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, unapaka kabla hakijapoa. Jina lake la ubatizo nalijua. Siliandiki, maana hata yeye ukimwita kwalo hakugeuka.

Mimi nilitengeneza visanduku vya malakiti, lile jiwe letu la kijani. Navunja jiwe, napanga vipande juu ya kisanduku cha mbao, nagandisha kimoja kimoja, nasugua mpaka vinang'aa. Wazungu walivinunua mjini na kuwapelekea mama zao Ulaya. Kole ikiwa mbaya, jiwe linadondoka kabla mzungu hajafika nyumbani, na wiki ijayo anapita mbele ya meza yako bila kukutazama. Kwa hiyo ua wa matete ulinitenga na mzee yule, lakini tumbo langu lilikuwa mikononi mwake.

Sasa hiyo harufu, tuimalize. Mungu wangu, ilinuka! Nguo ukianika, zinakauka na harufu ya kwato. Wageni waliokuja kwangu walikula haraka na kuaga haraka. Mke wake alivumilia miaka mingi, siku moja akafunga nguo zake kwenye shuka na kwenda kwa dada yake, na hakurudi hata kuchukua sufuria zake. Lakini yeye mwenyewe sijaona mwanamume msafi kama yule. Alioga mara tatu kwa siku, akapiga pasi shati jeupe la Jumapili mpaka kola ikasimama, akaenda kanisani na kukaa peke yake kwenye benchi zima. Watu walibanana nyuma. Yeye aliimba kwa sauti kubwa kama kanisa limejaa kando yake.

Na mtu huyu aliyeishi kwa ngozi na kwato alifuga mbuzi jike mmoja ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Mbuzi akiugua, yeye hali. Nikamuuliza siku moja, mbona unamlilia mbuzi na jana umechemsha vichwa vinane? Akanijibu: "Bale sikubajua."

Mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga. Mteja mmoja alimrudishia vijiti akisema vinanuka zaidi kuliko vya dukani. Alipigwa kwa upawa wa moto shavuni, na alama ilibaki. Mimi pia nilipata changu. Nilikuwa bado mgeni wa kazi, nimeacha kopo langu juu ya mbabula, jiko langu la makaa, likitokota. Yeye aliona mvuke kutoka kwake, akapita ua kama ng'ombe, akanizaba kofi, akamwaga kole yote chini.

"Kole haichemkake!" alinipigia kelele. "Ikichemka inakufa! Unaua kintu nimepika siku ine!"

Nililia kwa hasira. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wawili, nazabwa kofi kwa ajili ya kwato. Dakika chache baadaye alirudi na kopo safi, vijiti sita vya bure, akachuchumaa kando ya mbabula yangu mpaka nikajifunza kushika moto usiopanda. Hakuomba msamaha. Kuanzia siku ile malakiti yangu hayakudondoka, na kuanzia siku ile nilimwogopa. Mtu asome hili neno vizuri, maana ndilo lililotuharibu. Nilimwogopa.

Mtu pekee ambaye hakumwogopa alikuwa seremala wa Kasai, jimbo la jirani, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, mtu wa kusoma, aliyewasomea majirani gazeti kwa sauti hata wasipoomba. Viti vya mtaa mzima vilitoka kwake. Huyu ndiye aliyeanzisha mashindano ya Jumamosi, kwa sababu alichoka kusikia sifa za kole ya jirani yake bila ushahidi.

Vijiti vilikuwa vitatu. Cha mpika kole kilikuwa cha rangi ya chai kavu. Cha dukani, kutoka Ulaya, kilikuwa cha njano, unaona mwanga ukipita ndani, na walisema kimetiwa dawa ya kuzuia maji. Cha tatu kilikuja na treni kutoka Rhodesia, cheusi, rahisi, chenye harufu ya samaki. Wanaume wale wawili walivichunguza kama wanachagua mke. Kwanza walivivunja na kusikiliza: kijiti kizuri kinalia kikivunjika, kibaya kinapinda. Kisha walivilaza majini na kutazama kipi kimevimba bila kuyeyuka. Kisha walipaka, wakahesabu muda kabla kole haijapoa. Mwisho nyundo.

Nani aamue? Wao wenyewe hawakuaminiana hata kidogo. Wakanichagua mimi. Mpika kole alisema: "Mama iko na vidole ya kweli. Njo atakuwa zuzi yetu." Zuzi ni mwamuzi, hilo nalo la Kifaransa. Nilivimba kichwa, sitaficha. Mbao zote zilikaa kwangu wiki nzima, nami nilizileta Jumamosi.

Kiangazi kile, baridi ya Juni ikikausha kila kitu, kijiti cha mpika kole kilivishinda vyote. Cha Rhodesia kilikufa kwa pigo la kwanza. Cha dukani kilishika, lakini kwa cha mpika kole mbao ilipasuka vipande vitatu na kiungo hakikutikisika. Mzee alicheza uani, shati nje. Seremala akatikisa kichwa.

"Mukubwa, kole yako iko muzuri," alisema. "Lakini ni ya kiangazi. Mu mvula inakuwa sawa muchuzi."

"Muchuzi? Miye napika muchuzi?"

"Tungojee mvula."

Wakangojea mvula. Nikaweka jozi tatu za mbao chini ya paa langu, mahali pa unyevu. Siku ya tano niliinua zile za mpika kole ili nizifute, zikaachana mkononi mwangu kama mkate uliolowa. Hazikuhitaji nyundo. Za dukani zilikuwa ngumu vilevile.

Ningefanya nini? Ilikuwa wiki ile ile mkewe alipoondoka. Alikuwa anazunguka uani na upawa mkononi, hajui aupige wapi. Nilijiona nikimwambia ukweli na nikaona shavu langu likiungua. Tena, niseme yote, nilimhurumia. Nikawasha mbabula, nikazipasha moto zile mbao mpaka kole ikalainika, nikazibana kwa dole gumba kwa nguvu zangu zote, nikazikausha karibu na moto siku mbili. Jumamosi nikazileta. Nyundo ikashuka, mbao ikapasuka, kiungo kikabaki.

"Ilishika mvula?" seremala aliniuliza.

"Ilishika," nikasema.

Mpika kole hakucheza siku ile. Alikaa juu ya reli, akashika vile vipande magotini, akalia kimya kimya. Nikajisemea kwamba nimefanya jambo jema.

Halafu nchi ikavunjika. Katanga, jimbo letu, ikajitangaza kuwa nchi peke yake, ikapandisha bendera yake yenye misalaba ya shaba, na watu ambao jana walikuwa wanaazimana chumvi wakaanza kuulizana baba yako ametoka wapi. Watu wa Kasai waliambiwa wanakula nchi ya wengine. Vijana wakapita mitaani na minyororo ya baiskeli. Nyumba ya mwalimu mmoja ilichomwa mchana kweupe, mkewe akapigwa mbele ya pampu ya maji wakati sisi tumeshika ndoo zetu. Mtu wa posta alikutwa mtaroni bila masikio. Walioweza walikimbilia kambini, kwenye mahema, chini ya askari wa kofia za buluu, na walioshikwa njiani hawakufika.

Seremala alimtuma mkewe na watoto mbele. Yeye akabaki siku mbili zaidi kwa sababu hakuamini. "Banajua miye," alituambia. "Viti banaikalia ni yangu." Siku ya tatu, asubuhi, mlango wake ulivunjwa na wale wale waliokalia viti. Alitokea dirisha la nyuma, akapita ua wa kwangu akitoka damu kichwani, akaingia kwa mpika kole. Mimi nikamfuata na kitambaa.

Lori la kwenda kambini lingepita kesho yake asubuhi kwenye kona ya barabara kuu. Ilibidi ajifiche siku moja tu. Nyuma ya kibanda cha kukaushia kole kulikuwa na pembe ya giza, na mbao zilikuwepo. Wangeifunga ile pembe kwa ukuta wa mbao, mtu akae nyuma yake.

"Tutie misumari," seremala alinong'ona.

"Misumari inalia. Batasikia mpaka ku barabara. Na kichwa ya musumari mupya inang'aa."

"Basi tutie kijiti ya duka. Ile imebakia pale, minaiona."

Mpika kole alisimama wima. "Hata leo? Hata leo unanitukana ku nyumba yangu?"

"Hapana tusi, mukubwa. Ni mvula. Miye njo nitakuwa nyuma ya mbao, hapana weye."

Nakuapia, walibishana. Filimbi za wale vijana zilisikika mtaa wa pili, na wazee wawili wanabishana kuhusu kole kwa kunong'ona, kama Jumamosi. Kisha mpika kole akanigeukia.

"Mama, weye njo zuzi. Ulijaribu zote mu mvula. Yangu ilishika ao haikushika?"

Nilimtazama yeye, nikatazama upawa ukutani, nikafikiri, ni siku moja tu, siku moja itashika. Kukubali kwamba nilidanganya, mbele ya wote wawili, katika saa ile, mdomo wangu haukuweza.

"Ilishika, Baba," nikasema.

Seremala alinitazama. Kisha akajipangusa damu kwenye jicho. "Basi," akasema, "kama Mama amesema." Akainama, akaingia kwenye ile pembe.

Mpika kole alipaka kwa mikono yake, vizuri, polepole, hakuacha hata nafasi ya ukucha. Akabana kwa magogo, akangoja ishike, akaondoa magogo, akasogeza mbele waya wa kuanikia. Ungeapa ni ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo mpika kole peke yake angelifikiria. Akaweka masufuria yake yote makubwa motoni ndani ya kibanda, kwato na masikio, akayachochea moto mkali, yeye aliyenizaba kofi kwa ajili ya kuchemsha. Harufu ilikuwa ya kumtapisha mbwa. Alitaka iwafukuze.

Mimi nilikuwa nimerudi upande wangu wa ua. Mvua ilianza mchana. Nikaona mvuke umejaa kibanda, unapanda, unagonga bati, unarudi chini matone matone juu ya zile mbao. Nikaelewa. Mtu anayefanya kazi ya kole anaelewa mara moja. Nilifungua mdomo nimwite, na wakati ule ule lango lake likaanguka.

Waliingia saba au wanane. Wakaziba pua, wakatukana, wakapiga waya kwa panga, mmoja akatapika. Mkubwa wao akasema waende zao. Walikuwa wanageuka, nasema walikuwa wamekwisha kugeuka, mbao ya katikati ilipoteremka. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka taratibu kama mtu anayepiga magoti, na ya pili ikaifuata, na seremala akaonekana amekaa, magoti kifuani, anawatazama.

Mpika kole alichota upawa na kuurusha usoni mwa wa kwanza, na yule kijana alilia kama mtoto. Wa pili alimmwagia kifuani. Kisha minyororo ikamwangusha. Seremala walimkokota mpaka uani, kwenye mvua. Aliwaita kwa majina yao. Mmoja mmoja, aliwaita, na kila jina lilijibiwa kwa pigo, mpaka akaacha kuita. Walipomaliza naye walichukua nyundo ya Jumamosi, wakaulaza mkono wa kulia wa mpika kole juu ya kipande cha reli, na wakauponda. Mimi nilisimama nyuma ya matete na kitambaa bado mkononi. Sikupiga hata kelele.

Yule mbuzi walimchinja walipotoka.

Mkono ule ulipona vibaya, vidole vikageukia ndani. Hakupika tena. Vita vilipokwisha na bendera ile ikashushwa, alihamia Kasungami, nje ya mji, kulima kabichi, na mimi nikaendelea na malakiti yangu kwa vijiti vya dukani. Nilipitisha siku zangu. Nilisikia tu habari zake, kwamba anaoga mara tatu bado, ingawa hanuki tena, na kwamba akikutana na mtu wa zamani anamwambia neno moja: "Nilipaka nyepesi." Walioniambia walicheka kidogo. Mimi nilikuwa nageuza mazungumzo.

Miaka mingi baadaye aliniita, kwa mdomo wa mama mmoja aliyeuza kabichi zake. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa amekonda, amevaa shati jeupe, kola imesimama. Mbele ya nyumba alikuwa ameweka viti vitatu, na nikavitambua, vilikuwa vya seremala. Yeye alikaa kimoja. Kingine, mbali naye kidogo, upande wangu, alikaa mwanamke mwenye nywele nyeupe. Nilimtambua kabla hajasema lolote. Nikakaa kando yake kwa sababu ndicho kiti kilichobaki.

"Mama huyu ametoka Kasai," mzee alisema. "Anauliza bwana yake alikufa namna gani. Nimemwambia. Ni miye. Nilipaka haraka, nilipaka nyepesi, mukono ilitetemeka. Hasadiki. Anasema bwana yake alimuambia kila siku mukono yangu haitetemekake. Njo nimekuita. Weye ulikuwa pale, weye njo zuzi. Muambie."

Alikuwa amenitengenezea uongo mwingine, tayari kabisa, nami nilitakiwa kusema ndiyo tu. Aliubeba peke yake miaka yote ile na hakujua ni wangu. Nilitazama ule mkono uliolala gotini, vidole vimejikunja.

"Hakupaka nyepesi," nikasema. "Alipaka vizuri. Ni mimi niliyedanganya." Na nikawaeleza mbao zilizoachana mkononi mwangu, na mbabula, na dole gumba, na kwamba aliponiuliza siku ile nilijua na bado nikasema ilishika.

Mzee alinyanyua ule mkono uliopondwa. Nilifumba macho nikalingoja kofi, na kweli nililitaka. Halikuja. Nilipofumbua alikuwa ameuinua mbele ya uso wake na anautazama, anaugeuza huku na huku.

"Hapana mukono njo ilikosa?" aliniuliza.

"Hapana mukono, Baba."

Mjane alikuwa bado hajanitazama. "Na bwana yangu," alisema, "weye uliposema ilishika, yeye alijibu nini?"

"Alisema, basi, kama Mama amesema."

Kisha akasimama, akakibeba kiti chake, akakipeleka ng'ambo, akakiweka ubavuni mwa mzee, akakaa.